Kufuli Mbili ku Terrain

Lundi, tarehe 13 octobre 2025

Leo training hakuna. Tumefika ku terrain ya ballon, mulango iko na kufuli mbili! Moja ya Henri, bourgmestre wa zamani, mukubwa wa commune, anakatala kuacha kiti. Ingine ya Jéthro, bourgmestre wa mupya, angali anangojea karatasi ya Kinshasa. Kila mutu anasema terrain ni ya commune, na commune ni yeye. Miezi ine sasa! Na babinti bangu kumi na tano ba équipe bamesimama inje sawa mbuzi ya soko.

Dimanche, ku Beni, banachagula gardien, mulinda goli, wa province. Mujukuu wangu Hadassa iko mu liste. Ballon ya chini anashika muzuri. Ya yulu — sabuni. Anaomba mazoezi kila siku. Mimi najua hii kazi: ku Kirumba nilipigaka dégagement moja toka goli, ballon bakaiokota Kayna, mugini ingine. Mwenye kubisha akuje. Benye balionaka bote balishakufa.

Mardi 14

Nimeenda kwa Henri. Amenipa chai, amenililia shida zake zote. Kufungua, hapana. Eti akifungua wa kwanza batu batasema ameshindwa. Nimeenda kwa Jéthro. Maneno ile ile, bila chai. Nikamuuliza: mais, muko na mikono, fungueni pamoja. Akaniuliza nani atahesabu moja, mbili, tatu.

Donc tumefanyia mazoezi mu barabara. Hadassa ameruka, ameanguka mu matope, pikipiki ikapita karibu na kichwa yake. Nikasimamisha. Bazee babili, kiti moja — na mutoto wangu njo analala mbele ya pikipiki!

Jeudi 16

Mvua. Lakini nimepata akili! Samedi ni salongo, kazi ya usafi ya batu bote. Henri na Jéthro banapenda batu babaone na jembe. Batafungua tu, ili bakate majani ya commune. Florentine, capitaine wetu, ameniuliza kama tutacheza na majembe. Nikamuambia jembe ni ya bazee, sisi ballon iko mu gunia.

Samedi 18

Imefunguka! Henri na photographe wake, Jéthro na wake. Henri akasema tukate kushoto. Jéthro, kuume. Bakabishania katikati, katikati haikukatwa. Siye tulikuwa nyuma ya goli ya mbali. Nimemupigia Hadassa ballon ya yulu makumi ine. Ameshika makumi tatu na munane! Zile mbili ni mimi nilipiga mubaya.

Saa ine salongo ikaisha. Henri akafunga. Jéthro kuona vile, akafunga pia. Habakuuliza nani iko ndani.

Siye njo tuko ndani! Ukuta iko na vipande vya chupa yulu. Naandikia hapa ku poteau ya goli. Inje dereva Lévi na taxi-bus yake ya kutupeleka, anapiga klaxon: saa sita anaenda Beni, hatangojea, barabara ya mangaribi haitaki.

Bourgmestre bote babili bamerudi, kila mutu na funguo mu mukono. Jéthro anasema mwenye alifunga wa kwanza afungue wa kwanza. Henri anasema wa mwisho.

Hadassa ameenda ku mulango na gants zake mu mikono.

“Babaa, mimi hata siulize nani ni chef. Gari inaenda.”

Bakasogea pembeni, bakaongea polepole. Bamerudi, bamesikilizana — mara ya kwanza tangu miezi ine! Bataandikia Kinshasa, ibaambie nani afungue mbele.

Lévi amewasha moteur.