Kirundi Sikukifuta

Buzebazeba,
Kigoma.
12 Machi 2017

Mpendwa Baba Mkubwa Gervasi,

Shikamoo, baba. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho Mama Mkubwa aliniambia unapanda ngazi za kanisani kwa ubavu na fimbo hutaki kuiona. Na yeye macho yake je, alikwenda kupima? Huku sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atamuuzia mawese yake. Kijijini Kalinzi nilipanda wiki iliyopita, mvua ni nzuri na kahawa zimebeba.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Baba, nimekupigia mara nane. Mara zote nane umepokea, ukasema "ndiyo mwanangu, tumshukuru Mungu," ukakata. Jambo hili haliishii kwenye ndiyo, kwa hiyo nakuandikia.

Kwanza jipya lenyewe. Nimemaliza mwaka wangu wa mazoezi katika hospitali ya mkoa, na Baraza la Famasi limeshanisajili. Mimi sasa ni mfamasia kamili. Chuo nilikimaliza kwa mkopo wa nusu, na nusu ya pili nilisimama dirishani kwenye duka la dawa miaka minne, Jumamosi na Jumapili. Sisemi ili usikie vibaya. Ila nilikuandikia barua tatu nikiwa chuoni na nikajibiwa moja, na hesabu hiyo ninayo.

Kazi ndiyo haipo. Serikali imesimamisha ajira tangu mwaka jana, wanahakiki vyeti kwanza. Nimeandika maombi ishirini na saba kwenye hospitali za mashirika, za dini na za watu binafsi. Nimejibiwa na nne, zote zinasema jina langu wataliweka. Sijui wanaliweka wapi majina yote hayo.

Basi nikaambiwa niende kwa wakala wa ajira. Tangu wakimbizi wa Burundi waanze kuingia tena mwaka juzi, mashirika yanayohudumia kambi yanataka watu wa afya haraka, na badala ya kutangaza yenyewe, mengine yanamwachia wakala akusanye majina. Wa hapa anaitwa Leodgar, mtu wa Mbinga, ana mwaka wa pili tu Kigoma. Ofisi yake iko ghorofani karibu na stesheni. Alikuwa anatafuta wafamasia wawili wa hospitali ya kambi, upande wa Kasulu.

Baba, wewe unanijua. Sikuweza kukaa kimya bila kujua mashine hiyo inazungukaje. Nilimuuliza nani anamlipa. Mwajiri, akasema. Nikamuuliza majina amepokea mangapi. Arobaini na moja. Anapeleka mangapi? Sita. Na wale thelathini na tano nani anawaambia kwamba wamebaki?

Akacheka, akaweka kalamu chini. "Dada, umekuja kuajiriwa au kunikagua?"

"Vyote viwili," nikamwambia, "kama muda unao."

Akanipa fomu. Kuna mahali wanauliza lugha. Nikaandika Kiswahili, Kiingereza, Kiha, Kirundi. Kirundi nilikiandika makusudi, nikijua ndicho kitakachonipitisha mbele ya wenzangu. Sikusema uongo. Sisi Waha tukiongea na mtu wa Makamba, ng'ambo ya mpaka, nani anahitaji mkalimani?

Na faida yake niliiona wakati wa mazoezi. Aliletwa mama kutoka kambini na mtoto ambaye homa ilikuwa haishuki. Daktari alishaandika kwamba dawa imeshindwa, abadilishiwe ya sindano. Mimi nikamwamkia yule mama kwa lugha yake, nikaketi naye kwenye benchi. Akafungua kitambaa. Vidonge vilikuwemo, kumi na nne kati ya kumi na nane. Alikuwa anampa mtoto anapozidiwa tu, vingine anavitunza, kwa sababu njiani walikotoka walitembea siku sita bila dawa na hakujua kama atapata nyingine. Dawa haikushindwa, baba. Ilikuwa haijanywewa.

Nikarudisha fomu, nikasubiri. Siku tisa baadaye rafiki yangu Elinipa akapigiwa simu kwamba jina lake limo kwenye orodha. Elinipa ni Mpare, tulifanya mazoezi pamoja, fomu tulizipeleka siku moja, na alama zangu za mwisho zinamzidi kwa nane. Kirundi hajui hata salamu. Nilimpongeza kwa moyo wote, lakini alipoona natazama ukutani akaanza: "Labda ni ile picha yako, shoga. Ulinuna kama umeitwa polisi."

Sikumwonea wivu. Nilitaka kujua tu. Kesho yake nikapanda tena kwa Leodgar.

Akatoa faili la bluu, akapekua, simo. Akatoa la njano, na fomu yangu ikawa ya tatu kutoka juu. Nikauliza faili la njano ni la nini. Kumbe ni la wakimbizi wenyewe, wale wenye ujuzi wanaosaidia hospitalini kambini. Hao hawaruhusiwi kulipwa mshahara, wanapewa posho tu, na nafasi ya mfamasia hawaingizwi.

"Jina lako Ntahondi," akasema, "na Kirundi juu yake. Nilijua umetoka kule."

"Na mahali pa kuzaliwa umesoma?"

"Nimesoma. Kalinzi." Akajikuna shingo. "Nilidhani na yenyewe ni kambi."

"Ni kambi ya kahawa," nikamwambia. "Tunakaa humo tangu kabla babu yako hajaoa."

Aliomba radhi, sitamsingizia. Lakini radhi haikunihamishia kwenye bluu. Akaniambia njia ni mbili. Nikifuta Kirundi, ananipa fomu mpya na jina linapanda siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna atakayeuliza kitu. Nikikiacha, shirika litataka uthibitisho wa uraia wa mzazi au wa babu, nao umfikie Leodgar kabla orodha haijafungwa Ijumaa tarehe 31 Machi.

Barua ya mtaa ninayo, na ya mwenyekiti wa Kalinzi ninayo. Cheti changu cha kuzaliwa kilichelewa kuandikishwa, hakiwatoshi. Marehemu baba yangu Benedict, unajua mwenyewe, hakuacha karatasi hata moja. Ndipo Mama akakumbuka kipande cha Babu, kile cha manamba alichoandikiwa hapa Kigoma alipochukuliwa kwenda kukata mkonge pwani, chenye kijiji na jina la mtemi wake. Anasema ulikichukua wewe kwenye msiba wa Babu, mwaka 2009, ukaondoka nacho Muheza.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili nikijiuliza maswali ambayo wewe tu unaweza kunijibu. Aliyewaandikisha manamba alikuwa nani, mtu wa hapa au mgeni? Je, naye alikuwa na mafaili mawili? Babu aliulizwa lugha gani anazozijua, au walimtazama mabega tu wakaandika? Kama unakumbuka alichokuwa anasimulia, nieleze, hata kama ni mistari mitatu.

Sasa naomba nikanyage pale panapouma. Mama aliniambia kwa nini ulikichukua: ulisema watu wa Kalinzi wakishika karatasi ya mzee watagawana shamba lake wakusahau wewe uliyebaki pwani Babu aliporudi. Baba, mimi sitaki shamba. Miche ya kahawa pale ni mia mbili na kumi, nimeizunguka mwenyewe, na sitaki hata mmoja. Ukitaka nikuandikie hivyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nitaandika. Kipande chenyewe kibaki kwako. Ninachohitaji ni nakala iliyogongwa muhuri mahakama ya mwanzo. Picha ya simu Leodgar haikubali, nilishamuuliza.

Siku nimezipiga hivi. Barua ikikufikia tarehe 17, ukaenda mahakamani Jumatatu tarehe 20, basi la kesho yake likaleta bahasha Dar es Salaam na jingine likaipokea kuja huku, ninayo mkononi tarehe 24. Zinabaki siku saba za mabasi kuharibika.

Utauliza kwa nini nisifute neno moja nikaingia kazini. Nimelifikiria, kalamu ilikuwa mkononi. Lakini nikilifuta nitaingia pale kama mtu asiyesikia. Siku ya kwanza mama mmoja atafungua kitambaa chake dirishani, na mimi itabidi nimtazame kama Elinipa atakavyomtazama, au nimjibu na wote wajue nilidanganya fomu. Leodgar alisema nifikirie hadi mwisho wa mwezi. Nikamwambia nimeshafikiria, nikamrudishia fomu ile ile.

Wasalimie Mama Mkubwa, na dada Agnesi na watoto wake wote. Mama yangu Genoveva anakuamkia, anasema mawese yako lita tano yanasubiri msafiri. Mungu akupe mguu wa kukufikisha mahakamani na kukurudisha bila maumivu.

Na kama utaona huwezi kuituma nakala hiyo, naomba uniambie mapema, nisikae kwenye kituo cha mabasi nikihesabu magari. Nitakuwa nimekosa kazi nikiwa na jina langu lote na lugha zangu zote nne. Lakini baba, ningependa zaidi nisiikose.

Mwanao anayekupenda na anayekusubiri,

Winfrida Benedict Ntahondi