Makosa Niliyoyakusudia

Jumatatu, 11 Novemba

Basi, imenitoka. Nimemwambia mzee Harjito, katibu wa timu, kwamba natundika daluga. Miaka ishirini na sita beki wa kati wa Sumberayu, magoti yamesema basi. Akanikumbatia, akacheka. Mchezo wa kuniaga ni Jumapili ya tarehe 24, hapa nyumbani. Na nani? Watulanang!

Kati ya vijiji vyote vya ligi yetu, ni Watulanang.

Sikula. Nimemdanganya Wiji, mke wangu, kwamba ni tumbo.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo kazini nimeunguza vigae vya tanuru zima. Akili haikuwapo.

Kinachonitisha si mpira. Ni maneno. Kila anayestaafu hapa husimama katikati ya uwanja, hupewa kipaza sauti, husema yale yale ambayo hata watoto wameyakariri: naomba radhi kwa makosa yangu yote, niliyoyakusudia na nisiyoyakusudia. Watu hupiga makofi, huenda kula wali wa manjano. Nani husikiliza? Hakuna.

Ila kipaza sauti ni cha Ngadiman. Spika zake, matangazo yake, utani wake, katika viwanja vyote vya ligi. Ngadiman wa Watulanang. Mguu wake wa kulia niliuvunja mimi.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika. Daftari hili halisomwi na mtu, linakaa kwenye mfuko wa daluga.

Miaka kumi na mitano sasa. Ngadiman alikuwa na miaka ishirini, mwepesi ajabu. Timu moja ya mjini Solo ilikuwa imemwita kwa majaribio wiki ile iliyofuata. Alinipiga chenga mara mbili. Mara ya tatu akanipitishia mpira katikati ya miguu. Uwanja mzima ukacheka. Wiji naye akacheka!

Mpira uliofuata sikuutazama. Niliutazama mguu. Kisha nikasikia mlio.

Refa alisema nimechelewa tu. Watu wa Watulanang wakaingia uwanjani na mianzi. Na yeye, chini pale, mfupa umetokeza, akawapigia kelele: mwacheni, kaka hakukusudia! Mpaka leo husema hivyo. Kwenye spika! Hunionyesha kidole: huyu ndiye aliyenipa kazi ya utangazaji, jamani! Watu hucheka. Nami hucheka.

Jumatano, 20 Novemba

Mazoezi mabaya. Nilijifungia chooni nikajaribu kuyasema. Nilikwama kwenye "niliyoyakusudia".

Nikiliruka neno hilo, watu watashangaa. Nani huliruka? Nikilisema kwa mazoea tu, nitakuwa nimemdanganya tena, mbele ya vijiji viwili. Na nikilisema kwa kweli — ndiyo, Ngadiman, nilikusudia — mianzi ipo bado. Hata hiyo mianzi si kitu. Uso wake je?

Mtu mzima, miaka arobaini na mitano, naogopa kipaza sauti!

Jumamosi, 23 Novemba

Ngadiman amekuja! Alikuja kufunga spika za kesho, akapitia kwangu. Wiji akamwekea kahawa. Alikaa ameunyoosha ule mguu, maana haukunjiki.

— Shemeji, kesho ulie kidogo, usinitie aibu hewani.

— Nilie nini? Miaka yote nafua matope! Nitalia kwa furaha.

Wakacheka wote wawili. Wiji alipoingia jikoni kukaanga ndizi, Ngadiman akashusha sauti.

— Kaka Parjo, kesho ukifika pale kwenye "niliyoyakusudia", paruke. Sema yale mengine tu. Watu wangu wana midomo. Kati yangu na wewe, hilo halipo.

Akakoroga kahawa. Ilikuwa imeshakorogwa.

— Au lipo, kaka?

Aliuliza akitabasamu, macho kwenye kikombe. Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Wiji akatoka na sahani ya ndizi. Nikasema: kunywa, inapoa.

Akanywa yote. Akaaga vizuri. Nimemtazama anavyoushuka ule mteremko, mguu unamfuata nyuma.

Jumapili, 24 Novemba

Chumba cha kubadilishia nguo. Daluga bado miguuni, mlango nimefunga. Nimewaambia nakuja.

Mechi imekwisha, mbili kwa mbili. Mabao yote mawili ya Watulanang yamepitia kwangu. Dakika tisini sikuugusa mguu wa mtu hata mmoja. Kila aliyenijia nilimpisha. Mzee Harjito anadhani ni magoti.

Nje Ngadiman anawachekesha. Beki wetu amejificha, jamani! Hajawahi kumkimbia mshambuliaji, leo anakimbia hotuba! Wanaangua kicheko. Namsikia Wiji naye akicheka.

Mzee Harjito anagonga. Parjo, wali unapoa! Nakuja, mzee. Nimeshika kitasa, kisha nimerudi tena kuandika.

Kicheko kimekwisha. Spika zinakwaruza. Anatembea na kipaza sauti, ule mguu unaburuta kwenye nyasi, uwanja mzima unausikia. Umesimama. Atakuwa katikati.

Sasa anaongea, polepole, bila utani wowote:

— Kaka, mimi nasubiri.