Usukani Uliorithiwa Mapema

Jumatatu, 3 Juni

Viti viwili vya pikipiki leo. Kimoja kimechanika mpaka sponji inachungulia, na mwenyewe anakitaka kabla ya saa sita. Nimemshonea. Mchana nikaenda kufungua gari la baba lipate hewa, mara ya kwanza tangu alipopelekwa hospitali kule Lemera.

Usukani haupo.

Yaani upo mwingine. Mdogo, mweusi, wa ngozi na uzi mwekundu, mikono yake ya chuma imetobolewa matundu, kama wa vijana wa mashindano. Ndani ya Pejo 404 iliyonizidi umri! Ule wa baba ni mpana, mwembamba, rangi ya maziwa, na ndani yake nusu duara ya chuma king'aavu ya kupigia honi. Miaka thelathini aliushika, Uvira kwenda Bujumbura na kurudi, akibeba watu. Funguo tunazo wawili tu, mimi na kaka yangu Bahati.

Sijala.

Jumanne, 4 Juni

Nimempigia Bahati simu, yuko kwake Luvungi. Amekiri bila aibu.

Mwezi uliopita, baba alipolala siku nne bila kufumbua macho, baba zetu wadogo walikata tamaa. Katika ukoo wetu mwana wa kwanza hupokea fimbo ya baba mwili ukiwa bado na joto. Wazee wanainywea pombe ya ndizi, basi, yeye ndiye baba wa nyumba. Sasa baba hajawahi kuwa na fimbo. Ni dereva. Wakakaa pale pale kando ya kitanda chake, wakaamua fimbo yake ni usukani. Bahati akaja hapa nikiwa sokoni, akaufungua, akaweka huu wa dukani ili gari lisibaki na tundu. Wakanywa.

Siku ya tano baba akaamka, akaomba chai.

Hakuna aliyeniambia. Mimi mwanamke, pombe ile hainihusu. Watu huambiwa wasikate mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Hawa wangu wameshona sanda, mwenyewe anakunywa chai.

Alhamisi, 6 Juni

Luvungi. Nimekwenda kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno.

Usukani umetundikwa ukutani, juu ya televisheni. Kwa msumari. Nikanyoosha mkono niutoe. Bahati akasimama mbele yangu, mtu wa miaka hamsini na tano, analia.

“Wazee walishakunywa, Furaha. Nikirudisha hii volan, baba atakufa kabisa. Na minye ndiye nitakuwa nimemuua.”

Anaamini. Nimemtazama machoni, anaogopa kweli. Hilo ndilo limeniudhi kuliko yote. Angekuwa mwizi ningejua la kumfanya. Nimerudi mikono mitupu. Njia nzima nimemtukana ndani ya kofia ya pikipiki, dereva akadhani ninasali.

Jumamosi, 8 Juni

Baba atatoka tarehe 21. Daktari amesema moyo ni dhaifu, asipewe habari nzito. Na ipo habari gani nzito kuliko hii? Mzee akikuta fimbo yake imenywewa naye bado anapumua, amezikwa na wanawe. Kitu cha kwanza atakachofanya akifika ni kuingia garini. Namjua.

Kwa hiyo nitautengeneza. Usukani wa zamani, kutoka kwenye huu upuuzi wa ngozi. Nimempelekea Mzee Saleh, fundi wa magari hapa Mulongwe, mwenye mashine ya kuchomelea. Alicheka. Mimi sikucheka. Akaacha.

Jumatano, 12 Juni

Kitovu cha usukani wa Bahati tumekiacha, kwa sababu kinaingia vizuri kwenye chuma cha gari. Aibu yake iko kwenye duara. Nimechana ngozi kwa wembe, uzi mwekundu nimeutupa jikoni kwenye moto. Mzee Saleh akakata duara lote. Tukakunja nondo nyembamba kwa kuizungushia sufuria kubwa la harusi, ndiyo ikatoa upana ule ule wa kwenye picha ya zamani ya baba akiwa garini. Akachomelea. Kisha mastiki, lipu ya kuzibia mabati ya magari, tabaka juu ya tabaka, na msasa, na mastiki tena. Kucha zangu zimekwisha.

Rangi ya kwanza ilikuwa nyeupe kama dawa ya meno. Nikamwambia Mzee Saleh amenunua rangi ya zahanati. Akaniambia nikashone viti. Tumegombana mbele ya wateja.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepaka tena, nimechanganya na manjano kidogo. Ilipokauka nikaisugua kwa chai ya rangi na masizi ya chungu, nikaifuta, nikaisugua tena. Sasa ina umri. Pale baba anaposhika kwa mikono miwili nimechora nyufa ndogo kwa wembe, chai ikaingia humo ikakaa. Nusu duara ya honi tumeitoa kwenye kishikio cha mudigadi ya baiskeli kuukuu, tukaipiga mswaki mpaka ikang'aa.

Nimeuweka kando ya picha. Ni wenyewe. Nimefurahi dakika kumi nzima.

Jumapili, 16 Juni

Lemera. Baba haoni.

Vivuli tu, anasema. Tangu alipoamka. Hakutaka tuambiwe kwa simu. Aliushika mkono wangu, akapapasa kidole mpaka akafika kwenye sugu ya sindano, akasema, “Weye ni Furaha.” Nikatoka nje kidogo.

Siku saba nimehangaika na rangi. Chai, masizi, nyufa. Kwa ajili ya macho ya nani? Mjinga mkubwa mimi. Nilishughulikia picha wakati mwenye gari ana mikono.

Nilirudi ndani nikakaa kuiangalia mikono hiyo. Ameshika chuma cha kitanda, kushoto na kulia, vidole gumba juu. Vidole vingine vinacheza kwa nyuma, kama vinatafuta kitu. Nikakumbuka: ule usukani una mawimbi nyuma yake, ya kulaza vidole. Katika picha hayaonekani.

Akauliza kama Pejo inalala salama. Nikasema salama. Niliposema hivyo nilimchukia Bahati upya, tangu mwanzo.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwangua kila kitu. Mzee Saleh alishika kichwa.

Duara lilikuwa nene mno. Nimelipunguza kwa tupa mpaka kidole gumba na cha kati vikakutana. Mawimbi nimeyachonga kwa nyuma moja moja, kwa macho yaliyofumbwa, kwa sababu nikiyafumbua mkono unadanganywa. Nimemwita Mzee Saleh ajaribu. Alilipanda lile gari miaka mingi na baba. Akafumba naye, akashika, akasema juu limekaa, chini bado. Nikachonga chini. Watu wawili wazima tumekaa barabarani tumefumba macho, wapita njia wanasimama.

Bahati amepiga kuuliza kama aje kumpokea baba. Nimekata simu. Akapiga tena. Nimeizima.

Alhamisi, 20 Juni

Rangi imekauka. Umefungwa. Honi inalia. Sijui kama nimetengeneza usukani au uongo. Sijali. Akipona atanisamehe, asipopona nitakuwa nimejaribu. Na wale wazee, siku moja nitawaambia ninachokifikiria, na wasinitajie heshima.

Ijumaa, 21 Juni

Amefika saa tisa. Amekataa kitanda, amekataa chakula. Gari kwanza.

Nikamkalisha. Akaweka mikono. Vidole vikaingia kwenye mawimbi, vyote. Nikaona mabega yake yanashuka. Nikasema moyoni, Mungu asante. Akazungusha kidogo kushoto, kidogo kulia.

“Hii si ile,” akasema.

Nikakitazama kifua chake, nikiuogopea ule moyo.

“Usiogope, mwanangu. Nilikuwa nasikia yote pale kitandani. Kinywa tu ndiyo ilikataa. Waliongea juu ya kichwa yangu sawa vile niko kiti. Nilisikia Bahati akiitika.”

Kumbe amelala na jambo hilo wiki tano. Mimi huku nachora nyufa kwa wembe.

Akauliza nani ametengeneza huu. Nikasema mimi. Akapapasa tena kwa nyuma, wimbi kwa wimbi, hana haraka.

“Ile volan iko ya mufu. Bahati alishapokea kwa mufu, na mufu hana kitu ingine ya kumupa. Hii iko ya kwangu. Minye niko muzima.”

Nikaelewa. Kwetu fimbo haipokelewi mara mbili. Nyumba hii, shamba la bondeni, gari lenyewe: Bahati hana sehemu tena. Amekwisha kurithi. Amerithi usukani, na msumari wa kuutundikia.

Jumapili, 23 Juni

Baba alishinda garini, vioo vimeshushwa, akisikiliza watu wanaotoka kanisani. Wengine walisimama kumsalimia kupitia dirishani. Anawatambua kwa sauti. Nimempelekea uji humo humo.

Jioni Bahati amepiga. Leo nimepokea. Wiki tatu nimelimbikiza maneno ya kumwambia, na sasa ninalo moja linaloweza kumwangusha. Nilikuwa nalo mdomoni. Akauliza kama baba amekula, nikasema amekula. Akauliza kama ameingia garini, nikasema ameingia. Nilisikia anavyopumua.

Kisha akauliza, polepole, baba anasema nini juu yake.

Nikamwambia hasemi kitu. Na ni kweli. Tangu juzi hajalitaja jina lake.