Uzito wa Kikombe Kilichopoa

Jumatatu, 9 Februari 1801

Mume wangu Gabriel amemaliza hotuba yake. Kurasa thelathini na moja! Sleji ya posta, ile inayokokotwa na farasi thelujini, itaichukua Ijumaa, ikasomwe mbele ya mabwana wasomi wa Uppsala. Ameandika kwamba shaba ikichomwa hunyakua oksijeni kiasi chochote, leo nyingi, kesho kidogo. Ushahidi wake ni mizani yetu: sehemu mia za shaba zimempa mia na ishirini na moja, mara nyingine mia na ishirini na tatu, mara nyingine mia na ishirini na nne na nusu. Fernström, aliyesoma naye na ambaye hawajasemeshana miaka sita, anashikilia kwamba kipimo ni kimoja tu, daima.

"Huyo anataka dunia ifuate daftari lake," Gabriel alisema tukila. Nikacheka.

Ameniomba nirudie kipimo kimoja, jedwali lijae. Mkono wangu umetulia kuliko wake. Anakiri mwenyewe — ila si mbele ya wageni.

Jumanne, 10 Februari

Ajabu leo. Nilitoa kikombe cha kuchomea shaba jikoni, nikakiweka mizanini kikiwa bado na uvuguvugu. Ndivyo tufanyavyo siku zote, Gabriel hana subira. Mia na ishirini na mbili. Kabla sijaandika, Mama Kerstin wa jirani akaingia bila kubisha: "We Ulrika, ficha birika! Askari yuko kwa mwashi, anasaka kahawa!"

Marufuku ya kahawa mwaka wa pili sasa, na nyumba nzima inanukia! Birika chini ya nguo chafu, madirisha wazi, siki sakafuni. Askari akanusa, akauliza siki ya nini. Dawa ya meno ya mwenye nyumba, akajibu Mama Kerstin, macho makavu. Askari akaondoka hajaamini.

Narudi mizanini — kitanga chenye kikombe kimeshuka! Hakuna aliyekigusa. Nikaongeza mawe ya kupimia upande wa pili. Mia na ishirini na tano.

Kikombe kilikuwa baridi kabisa.

Jumatano, 11 Februari

Gabriel yuko kwenye duka lake la dawa na wagonjwa wake. Nimechoma shaba mara tatu, kila mara nikasubiri kikombe kipoe. Mia na ishirini na tano. Tena. Tena, kasoro unywele. Kisha nikakipasha moto kikombe kilekile, kikawa chepesi. Hewa ya moto inapanda na kukiinua kitanga. Ni hilo tu! Shaba si kigeugeu. Sisi ndio wenye haraka.

Nilifurahi kama mtoto, kwa dakika moja. Kisha nikamkumbuka Gabriel. Miaka kumi na miwili ya kazi! Nikinyamaza, Fernström atalipata kosa asubuhi moja na Uppsala yote itamcheka. Nikisema, mimi ndiye nitakayemwangusha.

Alhamisi, 12 Februari

Supu ya njegere na chapati za maji, kama kila Alhamisi. Alikula nne. Alikuwa akiimba wakati wa kunyoa. Sikusema.

Ijumaa, 13 Februari

Nimesema. Kabla hata hajavaa koti. Nikamwekea karatasi yangu juu ya bahasha yake.

Akaisoma akiwa amesimama. "Kumbe Fernström amepata karani nyumbani kwangu?"

Imeniuma. Bado inauma. Nikamjibu, "Usiniamini mimi, mume wangu. Pima mwenyewe."

Akachoma mwenyewe, asubuhi nzima. Akakitoa kikombe, akakiweka kitangani kingali na joto. Mia na ishirini na mbili. "Unaona?" — karibu anatabasamu.

Nikamwambia, "Kaa. Tusubiri."

Amekaa, mikono magotini. Naandika hapa pembeni nisimtazame usoni. Sleji imefika, mwendeshaji anagonga dirisha: "Bwana Mfamasia! Farasi wanaganda huku!" Gabriel ameinamia mizani. Kitanga kimeanza kushuka. Ameongeza jiwe dogo. Kimeshuka tena.

"Funga mlango, Ulrika. Upepo unatikisa mizani."

Nimefunga. Bahasha iko mezani, muhuri wake wa lakiri nyekundu haujaguswa. Mwendeshaji anagonga mara ya pili, anatukana sasa.

"Andika," Gabriel ananiambia, hajageuka. "Mia na ishirini na nne." Amegusa ukingo wa kikombe kwa kidole, taratibu, kama anayegusa paji la mgonjwa. Bado kina joto. Ananyoosha mkono, anataka jiwe jingine —