Maharage ya Mwenyekiti

Majengo, Songea

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila leo naandika mbio kwa furaha, hivyo anayekusomea asiucheke mwandiko.

Barua iliyopita nilikuandikia kwa huzuni. Tangu mitumba ijae sokoni, nani ashone gauni jipya? Mafundi wenzangu walitaka tuuze vyerehani vya kikundi, tugawane, kila mtu ashike njia yake. Yangu ingekuwa kurudi kwako Nakapanya mikono mitupu.

Na kikaoni hakuna aliyepinga. Mwenyekiti wetu, Mzee Komba, ni mtu mwema, lakini akianza kusema, mkaa wa pasi unageuka majivu. Akimaliza tunaitikia, "Kama alivyosema mzee," tunafunga. Nani ambishie mtu wa rika la baba yake?

Juzi akaja bibi maendeleo wa kata, akampa kila mtu punje tatu za maharage. Ukisema, unaweka moja bakulini. Zikiisha, unasikiliza wenzako. Mama, laiti ungekuwepo! Mzee Komba akatoa ya kwanza kutukaribisha. Ya pili, kumpa pole Mama Akwinata, fundi mwenzetu aliyefiwa na shemeji yake. Ya tatu, kutuomba tuseme kwa kifupi. Alipotaka sasa kuingia kwenye habari ya kuuza vyerehani, bibi maendeleo akamwonyesha bakuli. Mzee wa watu akabaki kushika kidevu.

Punje zangu ninazo zote, zimeloa jasho. Nikajikaza. "Shikamooni wazee. Hiyo mitumba ni ya watu wenye miili mikubwa. Watu wananunua suruali, zinawapwaya. Tuhamishie vyerehani pale pale sokoni, tuwapunguzie wakisubiri."

Mama Akwinata akaweka punje yake. "Na mablanketi ya mitumba tushone makoti ya watoto. Baridi ya huku mnaijua." Basi wakachangamka hata wale ambao sauti zao sikuwahi kuzisikia kikaoni.

Ikaja kura ya kuhamia sokoni. Kunyoosha mkono hakudai punje, nami nikamtazama Mzee Komba. Akanyoosha. Kisha akainuka, akabeba begani cherehani ninachoshonea, akatangulia sokoni bila neno. Mama, nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Nisalimie Bibi, na dada yangu mkubwa pamoja na wanawe. Mjomba mwambie kile chumba changu ajaze korosho zake tu, sirudi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura