Nilijua Mshipa Uko Wapi

Mzee wangu,

Juzi Jumamosi ulikuja tena darasani. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mwalimu anasoma majina ya chembe za damu, nami nimesinzia kwa uchovu wa lindo. Ukakaa kiti cha mbele, umekunja shati mpaka kiwikoni, ukaninyooshea mkono. Chumba kimejaa ukungu na hakuna anayekuona ila mimi. Nilipogutuka, kalamu ilikuwa chini.

Hapa nyumbani Kyebando koti lako la jeshi bado liko nyuma ya mlango. Mama hataki liguswe. Mimi bado mlinzi wa duka kule Kabalagala, na wikendi nasomea kazi ya maabara. Nimebakiza muhula mmoja.

Unakumbuka Jumapili zetu? Unakunywa chai kwa mkono wa kulia, wa kushoto umenipa mimi nijifunzie kutoa damu. Nafunga mpira juu ya kiwiko chako ili mishipa itokeze, nafumba macho, natafuta mshipa kwa kidole. Sindano hatukuwa nayo, lakini ulijifanya unaumia ili Mama acheke. "Kuruta," unaniambia, "risasi zilinikosa, wewe ndiye utaniua." Mshipa wako mzuri haukuwa kiwikoni. Ulijificha karibu na kiganja, upande wa dole gumba. Niliujua vizuri sana.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata Mama sijamwambia. Siku ile ya mwisho wodini, manesi walipokuchoma na kukuchoma wakitafuta pa kuweka dripu, nilikuwa nimesimama miguuni pako. Nilijua mshipa uko wapi. Nikanyamaza. Nilijiambia, mimi nani, mwanafunzi wa wikendi, niwafundishe kazi wenye sare? Mwishowe waliupata, na daktari alisema hata wangeupata mapema usingepona. Huenda ni kweli. Lakini uliniangalia, Mzee. Uliniangalia, na mimi nikaangalia sakafu. Tangu hapo nikifunga mpira kwenye mkono wa mtu, vidole vinatetemeka. Mwalimu ameshanionya mara mbili kwamba hivi sitafaulu.

Jana tulikuwa wodini kwa mafunzo. Kuna bibi mmoja, mikono imekauka, nesi anamchoma mara ya tatu akitafuta damu ya vipimo, naye anasema tu, "Polepole, mwanangu." Nikasikia sauti yangu inasema, "Sista, samahani, naomba nijaribu mimi." Akanitazama juu mpaka chini, akasogea. Nikafumba macho. Kelele zote zikaenda mbali, kama niko chini ya maji, na mshipa ukanijia wenyewe kidoleni. Nikafumbua macho, nikachoma mara moja tu, damu ikaingia kwenye kichupa. Bibi hata hakushtuka.

Nikatoka nje nikalia karibu na bomba la maji. Nililia kwa hasira, maana kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Maneno machache tu, na siku yako sikuyasema.

Nisamehe, Mzee. Pumzika sasa. Nakuahidi, nikijua kitu nitasema, hata aliye mbele yangu awe daktari mkuu.

Mwanao,
Apiyo