Zahanati Huku, Maji Kule

Dada Riziki,

Pokea salamu zenye vumbi la Ijara, huku kusini mwa Garissa. Joto limenimaliza, hata chai ya maziwa ya ngamia naimeza kama dawa, lakini kilichonichosha leo ni kikao.

Sisi maafisa wa kaunti tulikuja kuchukua maoni ya wananchi kuhusu bajeti, kama sheria inavyotaka. Kumbe wazee wa koo mbili na mwakilishi wa wadi walishapatana kabla hatujafika: ukoo huu upate zahanati, ule upate kisima. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Nikauliza kwa nini visijengwe pamoja. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Kuweka pamoja ni kuleta vita. Wewe utarudi kwako, sisi tutazikana." Nikayaandika daftarini, maana hakusema uongo.

Makofi yakapigwa. Ndipo mama mmoja mjamzito akasimama kule nyuma. "Na mimi nitazaa wapi? Kwa dawa ama kwa maji?"

Mwakilishi akamjibu, "Abaayo, dada yangu, keti. Hiyo tutaangalia bajeti ingine."

Akaketi. Tukafunga kwa dua, na sasa mimi ndiye wa kuandika kwamba wananchi wameridhika.

Wabusu watoto, na Mungu aitunze mikono yako iliyozalisha nusu ya mtaa wetu. Siku nzima naisikia sauti yako ukiingia kwa mzazi, kabla hata ya kuvua viatu: "Leteni maji kwanza."

Nduguyo,
Shee